Nani Atamtukana Mkunga? Namna ya Kupima Kujali kwa Wauguzi Kwenye Tibakemikali



Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti umefika, na kila unayekutana naye kwenye korido ana swali moja tu: "Mada yako nini?" Wenzetu wa maabara wanajibu kwa kujiamini, bakteria fulani, dawa fulani, basi. Mimi nikisema nataka kupima jinsi wauguzi wanavyowajali wagonjwa wa saratani wanaopata tibakemikali, watu wanacheka. Jamaa mmoja wa famasia aliniuliza kama nitatumia mizani ya sokoni, kilo moja ya huruma na robo ya upole. Nilicheka na mimi, maana swali lenyewe si la kijinga. Kujali hakuonekani kwenye hadubini. Kunapimwaje?

Makala hii ni jibu langu. Nimeiandika kwa wote, si kwa sisi wa uuguzi peke yetu. Anayetaka kupima kuridhika kwa wateja wa benki, au maoni ya wanafunzi kuhusu mhadhiri anayewasahihishia mitihani, atakutana na tatizo lile lile: unamuulizaje mtu kuhusu mwingine ambaye bado anamtegemea?

KWA NINI TUPIME

Tibakemikali si kidonge cha kumeza na kusahau. Mara nyingi mgonjwa hukaa kwenye kiti au kitandani saa kadhaa dripu ikiingia, anarudi nyumbani, halafu baada ya wiki mbili au tatu anarudi tena. Mizunguko inaweza kuwa minne, sita au zaidi, kutegemea ugonjwa na dawa. Hapa kwetu wengine wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kufika Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi. Daktari ndiye anayeandika mpango wa dawa. Anayetafuta mshipa, anayeweka kanula na anayekuwa karibu dawa ikishuka ni muuguzi.

Chukua doxorubicin, ile dawa nyekundu. Ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua ngozi na nyama ya mkono. Mara nyingi wa kwanza kujua ni mgonjwa mwenyewe, anapohisi mkono unawaka. Hapo hapo anatakiwa aseme, na dawa isimamishwe. Sasa, mgonjwa aliyeambiwa asubuhi "mama, mbona unasumbua," atasema? Wengi watavumilia kwanza waone.

Au chukua homa. Kwa dawa nyingi za aina hii, chembe nyeupe za damu hushuka sana kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14. Homa inayofika nyuzi 38 wakati huo ni dharura. Mgonjwa anatakiwa aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Atakayefanya hivyo ni yule aliyeelezwa, akaelewa, na akaamini kwamba hatafokewa akifika bila tarehe.

Kwa hiyo kujali tunakokuzungumzia hapa si tabasamu la kwenye picha za Siku ya Wauguzi. Ni sehemu ya usalama wa dawa. Ndiyo maana inafaa kupimwa, na ikipimwa vibaya kuna mtu anaumia huku ripoti inasema mambo ni mazuri.

VIPIMO VILIVYOPO

Hatuanzi sifuri. Mwaka 1979, Jean Watson wa Marekani alichapisha kitabu kilichojenga hoja kwamba kujali ndicho kiini cha uuguzi, na kwamba kunaweza kuchunguzwa kisayansi. Baada yake wengine wakaanza kutengeneza zana. Mbili zinatutosha leo.

Ya kwanza ni CARE-Q ya Patricia Larson, ambayo tangu mwanzo ilitumika kwa wagonjwa wa saratani. Ina kadi 50, kila kadi imeandikwa tendo moja la muuguzi. Mgonjwa anazipanga kwenye mafungu saba, kutoka tendo la muhimu kuliko yote hadi la mwisho kwa umuhimu. Utamu wake ni kwamba idadi ya kila fungu imepangwa: kadi 1, 4, 10, 20, 10, 4, halafu 1. Huwezi kusema kila kitu ni muhimu sawa. Lazima uchague.

Ya pili ni CBI, iliyoanzishwa na Zane Robinson Wolf miaka ya 1980. Toleo fupi la mwaka 2006 lina maswali 24 yaliyogawanyika sehemu nne: kumhakikishia mgonjwa kwamba muuguzi yupo, ujuzi na ustadi, heshima, na ukaribu. Kila swali lina alama 1 hadi 6, kutoka "haijawahi kutokea" hadi "kila mara". Ni mtindo uleule wa alama za ngazi uliotokana na Rensis Likert mwaka 1932. Ukijumlisha, alama ya chini kabisa ni 24 na ya juu kabisa ni 144. Kujaza ni haraka, na ndiyo maana wanafunzi wengi wanaipenda.

Larson alichokiona kinafaa kila mwanafunzi wa uuguzi akijue. Mwaka 1984 alichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani, na mwaka 1986 ya wauguzi wanaowahudumia wagonjwa wa aina hiyo. Wauguzi waliweka juu kabisa mambo kama kusikiliza na kumgusa mgonjwa kwa faraja. Wagonjwa wakaweka juu ustadi: muuguzi anayejua kuchoma sindano na kuendesha dripu, anayejua lini amwite daktari. Tafiti kadhaa zilizofuata ziliona tofauti inayofanana na hiyo.

Usikimbilie kusema wagonjwa hawataki upole. Fikiria mtu ambaye mishipa yake imekwisha kukauka kwa dawa, anatobolewa mara ya nne asubuhi moja. Kwake yeye, anayempata mshipa mara ya kwanza ndiye mwenye huruma. Sisi darasani tunafundishwa ustadi kwenye somo moja na kujali kwenye somo jingine. Aliyelala kitandani hana masomo mawili.

"WAZURI TU WALE"

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe.

Shangazi yangu alitibiwa saratani ya matiti kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Nilipoanza kuandaa maswali nilimwomba ayasikilize.

"Shangazi, wauguzi walikuwa wanakusikiliza?"

"Walinisikiliza, mwanangu."

"Walikuheshimu?"

"Sana."

"Na kukueleza mambo je?"

"Wazuri tu wale, Mungu awabariki."

Maswali 24 yote yangekwenda hivyo, na alama ingekuwa 144 bila kupungua hata moja. Nikaacha karatasi, nikamuuliza kitu kingine: "Ulipotoka pale baada ya dripu ya kwanza, ulijua ufanye nini ukipata homa?"

Akanyamaza. Kisha akasema homa aliipata, akalala nayo siku mbili anakunywa maji ya ndimu, mpaka binti yake alipombeba kwenye bajaji kwa nguvu.

"Kwani hukuelezwa?"

"Pengine walieleza, nilikuwa nasinzia na zile dawa. Halafu mama mmoja wa kiti cha pili aliuliza uliza, akaambiwa anasumbua. Mimi nikaona ninyamaze."

"Sasa shangazi, mbona umesema wazuri tu?"

Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu niko darasa la pili. "Wewe, kwani mimi sirudi kule? Kila miezi mitatu niko kule."

Wahenga walishasema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Shangazi hakudanganya kwa ubaya. Alijibu kama mtu mzima mwenye adabu anavyojibu kuhusu watu walioshika mshipa wake na watakaoushika tena. Dodoso lolote linalomtaka mgonjwa amtukane mkunga ili tupate ukweli, limekwisha kushindwa kabla halijatolewa kopi.

NAMBA INAYOPENDEZA

Hapa kuna mtego wa takwimu ambao wengi tunapita juu yake. Kila mmoja wetu anajua kwamba dodoso likitumika lazima utaje alfa ya Cronbach, kipimo kilichotolewa na Lee Cronbach mwaka 1951. Ikifika 0.7 na kuendelea, tunashukuru Mungu na kwenda sura ya tano.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya mfano. Wagonjwa 10 wanajaza CBI. Watano wanazungushia 6 kila swali, kila mmoja anapata 144. Watano wengine wanazungushia 5 kila swali, kila mmoja anapata 120. Wastani ni 132 kati ya 144. Alfa? Ni 1 kamili, maana maswali yote yanapanda na kushuka pamoja bila kupishana hata kidogo. Kwenye karatasi una kipimo kisicho na dosari na wodi yenye wauguzi malaika. Lakini inawezekana kabisa hakuna hata mmoja aliyelisikiliza swali. Wote wamesema "wazuri tu" mara 24, wengine kwa sauti kubwa na wengine kwa sauti ya wastani.

Alfa inakwambia kama maswali yanakwenda pamoja. Haikwambii yanakwenda wapi. Tena majibu yakirundikana yote karibu na dari, huwezi kutofautisha wodi nzuri na mbaya, wala kuona kama mafunzo uliyowapa wauguzi yamebadilisha chochote. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia alfa, angalia majibu yametawanyika vipi. Hesabu ni wangapi wamejibu namba moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

KISWAHILI CHA DODOSO

Zana hizi zimezaliwa kwa Kiingereza. Njia inayofundishwa ni ile aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya asili anarudisha Kiingereza, kisha mnalinganisha. Ni njia nzuri, ila haitoshi. Sentensi inaweza kwenda na kurudi salama na bado mgonjwa asiielewe. Nitataja mitego minne.

Kwanza, neno lenyewe "kujali". Muulize mama wa miaka 60, "Nesi yule anakujali?" Anaweza kudhani unamuuliza kitu kingine kabisa. Kwenye hosteli zetu mnajua "ananijali" ina maana gani. Afadhali utaje tendo: alikuja ulipoita, alikueleza jina la dawa, alikuangalia mkono dripu ikishuka.

Pili, "mara". Ngazi za Kiingereza zinageuka "mara chache, mara nyingine, mara kwa mara, mara nyingi, karibu kila mara". Isome kwa sauti mbele ya mtu aliyechoka uone. Tena "mara kwa mara" kwa mmoja ni nyingi, kwa mwingine ni mojamoja. Badala yake hesabu mizunguko: "Umepata dripu nne. Kati ya hizo, ni ngapi ambazo muuguzi alikuangalia mkono kabla hujamwita?" Mtu asiyesoma naye anajibu, hata kwa vidole.

Tatu, maswali ya kukanusha. Vitabu vinashauri uchanganye sentensi chache za kukanusha ili kumnasa anayejibu bila kusikiliza. Kwa Kiingereza sawa. Kwa Kiswahili, ukiuliza "Muuguzi hakukusikiliza?", mgonjwa akasema "ndiyo", amekubali kwamba hakusikilizwa. Mwingine atasema "hapana, hakunisikiliza", akiwa na maana ile ile. Wewe umeandika ndiyo na hapana kwa jibu moja. Utaumia kwenye uchambuzi.

Nne, heshima. CARE-Q ina tendo la kumuuliza mgonjwa angependa aitwe jina gani. Huko inaeleweka. Hapa mtu mzima hategemei kuitwa jina lake na kijana, hata kwa upole. Anategemea shikamoo, halafu Mama Fulani, au mzee, au bibi. Kinachomuumiza ni kuitwa "wewe wa kitanda cha 6". Na kumshika mgonjwa mkono kwa faraja, jambo lililo kwenye orodha hizo, linategemea nani anamshika nani. Mama mwenye stara yake anaweza asilipende kutoka kwa muuguzi wa kiume, na kutoguswa huko ndiko kuheshimiwa kwake.

Dawa ya yote manne ni moja: kabla ya kuanza, wasomee watu wachache maswali, kisha waombe wakueleze kwa maneno yao swali linauliza nini. Hutaamini utakayoyasikia.

NANI AULIZE, LINI, NA NANI HAYUPO

Ukiingia wodini na sare ya uuguzi, umebeba jibu mkononi. Mgonjwa anakuona wewe ni wa kwao wale. Afadhali aulize mtu asiye na sare, pembeni, mbali na kiti cha dripu, na mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba jina haliandikwi na tiba yake haitabadilika. Ndugu aliyemsindikiza naye aombwe kwa adabu apishe kidogo, la sivyo utapata maoni ya ndugu.

Wakati nao una mambo. Kabla ya baadhi ya dawa, paclitaxel kwa mfano, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia mzio, na baadhi yake zinaleta usingizi. Kumhoji saa hiyo ni kumwonea, na ni kupoteza karatasi. Asubuhi ya mzunguko unaofuata, kabla hajawekewa kanula, akili imetulia na kumbukumbu ya nyumbani bado iko mbichi.

Halafu kuna wasiokuwepo. Kila tunayemhoji wodini ni mtu aliyerudi. Aliyekata tamaa baada ya dripu ya pili, kwa nauli, kwa kichefuchefu au kwa neno aliloambiwa, hayupo kwenye kiti. Ukiwauliza waliobaki tu utapata wodi nzuri kila mwaka. Kuwafikia walioacha ni kazi ngumu, inataka kibali cha maadili na ushirikiano wa hospitali yenyewe. Si ruhusa mwanafunzi kuchukua namba za simu kwenye rejista na kuanza kupiga. Lakini angalau andika kwenye ripoti ni wangapi walianza matibabu kipindi kile na wangapi hawakumaliza. Kama idadi hiyo hospitali inayo na wewe hukuiomba, msimamizi makini atakuuliza.

NA WAUGUZI JE?

Kuna wenzangu wanaogopa kwamba utafiti kama huu ni fimbo ya kuwachapia wauguzi. Hofu hiyo ina msingi. Muuguzi mmoja akiwa na viti vingi asubuhi moja, kila dripu na kasi yake, kila mkono na mshipa wake mgumu, hata awe na moyo wa dhahabu hatakaa chini kueleza homa kwa kila mtu taratibu. Alama yake ikishuka, namba hiyo inaweza kuwa inapima ratiba ya zamu na wala si moyo wake.

Kwa hiyo kila siku ya kukusanya takwimu, andika pia wauguzi walikuwa wangapi na wagonjwa wangapi. Usitoe alama ya muuguzi mmojammoja. Wape wauguzi nao zile kadi wazipange, ili tofauti aliyoiona Larson ionekane kwao wenyewe. Inaweza kuzaa mazungumzo kuliko kuwaambia wamepata 98 kati ya 144.

NITAKACHOFANYA MIMI

Baada ya kupima yote haya, pendekezo langu linasimama hivi. Sitaitupa CBI, maana inaniwezesha kulinganisha na kazi za wengine, ila haitasimama peke yake. Nitaongeza kadi chache za matendo zenye picha, mgonjwa azipange kwa umuhimu kwake. Kuchagua kadi si kumtukana mtu. Kisha nitamuuliza kuhusu matukio ya kuhesabika, dripu kwa dripu. Mwisho kabisa, maswali matatu ambayo adabu haiwezi kuyajibu kwa niaba yake: ukipata homa utafanya nini, mkono ukiwaka dripu ikishuka utafanya nini, na ukitaka kuuliza kitu ukiwa nyumbani utamuuliza nani.

Kama mgonjwa ametoa 144 na hayo matatu hayajui, sitaandika kwamba kujali kuko juu. Nitaandika namba zote mbili, bega kwa bega, na msomaji aone.

Kwa mnaoandaa madodoso muhula huu, ya uuguzi au ya fani nyingine yoyote, njooni nayo. Tuna kikundi kidogo kinachosomeana maswali kwa sauti maktaba, Jumatano jioni baada ya vipindi. Mnaokuja, njooni na mtu mmoja wa nyumbani asiyejua lolote kuhusu utafiti. Shangazi, mjomba, hata mama ntilie wenu. Yeye ndiye atakayekwambia swali lako linauliza nini.